Bibi alisema "zisafisheni", sisi tukamsafisha mtoto: kisa kimoja cha kuediti picha za arobaini

Kisa hiki ni cha kwetu wenyewe, studio ndogo ya picha hapa Mtwara mjini, na nakiandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kuediti picha za watoto wachanga maana naona tunaangukia shimo lilelile kila mwaka. Majina nimeyatoa, wilaya ya familia sitaitaja, na vitu viwili vitatu ambavyo mtu wa huku angeunganisha akamjua mhusika nimevibadilisha. Mambo ya kazi sijayagusa, yako kama yalivyotokea, hata yale ya aibu, na mengine ya aibu ni yangu mimi sio ya kijana.

## Mazingira

Ilikuwa Novemba, korosho ziko mnadani. Mtu ambaye hajaishi kusini hawezi kuelewa hii inahusiana nini na picha, ila kwetu inahusiana sana, miezi mingine tunaishi kwa paspoti saizi na picha za kubandika kwenye fomu, ila hela ya korosho ikishaingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi ndo watu wanakumbuka kuwa kuna mtoto kazaliwa na hana picha ya ukutani. Kwaiyo Novemba na Desemba tunakuwa na foleni, na kwenye foleni ndo makosa yanapozaliwa.

Studioni tuko watatu. Mi napiga, kijana mmoja anaediti (fundi kweli, mkono wake mwepesi, kajifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni), na binti wa kaunta anaandika oda kwenye daftari.

Mteja alikuwa bibi mmoja mzaa baba. Baba mtoto yuko kazini mbali, mama mtoto ndo alikuwa kamaliza arobaini, na mtoto wa kiume alipewa jina la marehemu babu yake, yani kwa yule bibi huyu mtoto ni mjukuu na ni somo wa mume wake. Hilo sikulijua siku ya kupiga picha, nimelijua baadae, na ningelijua mapema ningekaa kwenye ile kompyuta mwenyewe.

Walikuja wote watatu asubuhi. Mtoto mnene, kanyonya kashiba, ana uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na nukta ya wanja juu ya paji. Nilipiga kama picha tisini hivi, wakachagua tatu. Ya kwanza kalala chali kwenye blanketi jeupe. Ya pili kalala kifudifudi mgongo wazi. Ya tatu, ambayo nasema mpaka leo ndo picha bora niliyopiga mwaka ule, ni mkono wa bibi umeshika ule mkono wenye uzi, uso wa mtoto uko nyuma umefifia kidogo, anapiga miayo.

Sasa shikilia hili. Kabla ya picha ya tatu betri ya kamera yangu ikaisha, nikachukua kamera ya akiba. Kamera kubwa inahifadhi RAW (faili ghafi lenye kila kitu kamera ilichokiona) na JPEG (faili dogo lililobanwa) kwa pamoja, ile ya akiba nilikuwa nimeiweka JPEG peke yake ili kadi isijae. Sikufikiria mara mbili.

## Oda ilivyoandikwa

Bibi alilipa yeye, laki na nusu, yote, noti zimekunjwa kwenye kona ya kanga. A3 mbili (picha kubwa za ukutani) na fremu, za picha ya kwanza na ya tatu, na 4R kumi na mbili, zile ndogo za inchi 4 kwa 6, za kugawa kwa ndugu. Akasema, "Haya wanangu, zisafisheni vizuri, ntazifata mwenyewe Jumamosi." Binti akaandika kwenye daftari: *A3 2 na fremu, 4R 12. ZISAFISHWE VIZURI.* Akapiga na mstari chini.

Usiku mama mtoto akanitumia meseji WhatsApp: kaka naomba mtoto awe soft na mng'ao kidogo, kama wale wa Instagram. Nikaifowadi kwa kijana bila kuongeza neno.

Msomaji mwenye umri wangu kashaona tatizo liko wapi. Kwa watu waliokulia enzi za filamu, kusafisha picha ni kuitoa picha. Unapeleka mkanda wako wa picha 36 studio, unaambiwa rudi baada ya wiki, zinasafishwa, yani filamu inapitishwa kwenye dawa mpaka sura zinatokea alafu zinachapwa kwenye karatasi. Mpaka leo wazee wengi wakikwambia "nisafishie hizi" wanakupa simu na wanataka karatasi. Bibi alikuwa anasema tu: ziprintini vizuri. Kijana wetu kazaliwa filamu zimeshapotea, kwake yeye kusafisha ni kufuta madoa, na alikuwa na oda mbili mkononi, ya bibi na ya mama mtoto, na zote kwa macho yake zinasema kitu kimoja.

## Kilichofanyika kwenye kompyuta

Alifungua JPEG, sio RAW, kwa sababu zinafunguka haraka na foleni ilikuwa ndefu. Alianza vizuri kabisa. Kwa Healing Brush, brashi ya kufutia madoa, aliondoa maziwa yaliyokauka kwenye kona ya mdomo, mikwaruzo miwili ya shavuni (watoto wanajikwaruza wenyewe kwa kucha, kila mzazi anajua), vile vipele vyeupe vidogo vya puani ambavyo vichanga wengi wanakuwa navyo na vinaisha vyenyewe baada ya wiki kadhaa, ngozi iliyobanduka kwenye vifundo vya miguu, na nyuzi za blanketi. Kanga ya bibi ilikuwa nyekundu na ilikuwa imemwakia mtoto chini ya kidevu, pale pana wekundu ambao sio wa mtoto ni wa kanga, akautoa vizuri sana. Mpaka hapo mi ningempa mkono.

Hakuishia hapo. Akaigawa picha leya mbili, ya chini ina rangi na mwanga, ya juu ina umbile la ngozi. Njia hii ni nzuri ukiitumia kwa adabu, unalainisha ile ya chini kidogo pale mwanga umekaa vibaya na ile ya juu huigusi. Yeye alilainisha zote. Mtoto wa arobaini hana vinyweleo vya kuonekana kama mtu mzima lakini ana malaika, zile nywele laini za kwenye paji na mabega, na mwanga wa dirishani ulikuwa umezishika vizuri. Zikapotea zote. Ngozi ikabaki kama ya sabuni iliyolowa.

Alafu mng'ao. Ngozi yetu kwenye programu inakaa zaidi kwenye kitelezi cha rangi ya chungwa na nyekundu, ukipandisha mwangaza wa chungwa mtu anakuwa mweupe palepale, na ukipandisha sana anakuwa wa kijivu kama kapakwa majivu. Alipandisha usoni tu, kwa maski aliyochora kwa brashi, akaishia kwenye mstari wa taya na mbele ya masikio. Masikio hayakuguswa.

Kwenye picha ya pili mtoto alikuwa na mabaka mawili ya rangi ya bluu-kijivu chini ya mgongo karibu na makalio. Kijana akadhani kaumia, akayafuta. Yale ni mabaka ya kuzaliwa, watoto weusi wengi sana wanayo, rangi iko kwenye tabaka la ndani la ngozi na kwa kawaida inafifia yenyewe mtoto akikua. Hayana uhusiano na kuumia, ila kwa macho yanafanana na alama ya kipigo, na ndo maana ni vizuri yajulikane na kuandikwa tangu mtoto akiwa mchanga.

Nukta ya wanja kaifuta kama uchafu. Na uzi kwenye picha ya tatu kaufuta pia, maana, kwa maneno yake, "ulikuwa unakata mkono". Kufuta kitu kwenye kifundo cha mtoto mnene sio mchezo kwa sababu pale pana mkunjo wa nyama na uzi ulikuwa umekaa ndani ya mkunjo. Alipoutoa uzi mkunjo ukaharibika, akaulainisha, kifundo kikawa hakipo. Mkono unatoka kwenye kiganja unakwenda mpaka kiwiko moja kwa moja kama bomba la maji.

Akabonyeza Ctrl na S, yani akahifadhi. Juu ya JPEG ileile.

Akaniita nione. Nilikuwa na mteja wa paspoti, nikachungulia nikiwa nimesimama mlangoni, picha iko ndogo kwenye kioo, nikasema iko poa, printi. Hilo ni kosa la mwenye studio. Kwa umbali ule hata kinyago kingekuwa poa.

Kitu kingine nilikijua kesho yake: kijana aliweka "kabla" na "baada" kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Kaonesha kazi yake, kafurahi. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

## Jumamosi

Bibi alifika saa nne, katoka kwao alfajiri na gari la kwanza, na kafuko ka korosho za kukaanga kwa ajili yetu. Shikamoo, marahaba wanangu, maji ya kunywa, kakaa. Binti akazitoa A3 mbili zikiwa kwenye fremu, zinawaka kweli, akaziegemeza ukutani.

Bibi hakusema kitu. Nilidhani kafurahi. Akainuka akaisogelea ile ya kwanza, akaweka kidole kwenye kioo cha fremu, juu ya sikio. Akasema, "Sikio hili la mjukuu wangu." Kidole kikasogea shavuni. "Huyu nani?"

Na kweli. Kila mama wa huku anajua kuwa ukitaka kujua mtoto atakuwa na rangi gani usiangalie uso, angalia masikio, vichanga wanazaliwa weupe kidogo alafu rangi inakuja taratibu na masikio ndo yanatangulia. Masikio ya yule mtoto yalikuwa meusi mazuri kama ya familia yake. Uso tumeupeleka kwingine. Alikuwa kaona kwa sekunde kumi kitu ambacho sisi watatu hatukukiona siku nne.

Akageukia fremu ya pili ukutani, ile picha ya mkono. Hapo sura ilibadilika. Hakutuuliza sisi, akatoa simu akampigia mkwe wake. "Mama, hebu mwangalie mtoto mkono wa kushoto. Uzi upo?" Kimya. Tukawa tunasikia upande wa pili mtu anatembea, mtoto analia kidogo kaamshwa. "Upo mama." Ndo bibi akakaa chini.

Huo uzi kaufunga yeye mwenyewe, na kwao haukatwi mpaka mtoto afikie hatua fulani. Simwulizi mtu imani yake. Ninachosema ni kwamba yule bibi kwa dakika nzima alidhani kuna mtu nyumbani kamvua mjukuu wake kinga, na aliyemfanya adhani hivyo ni sisi.

Kijana, kwa heshima zote, akasema, "Bibi, si ulisema tusafishe?"

"Niliwaambia mzisafishe. Sikuwaambia mumsafishe."

## Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobishana. Daftari lilikuwa linatulinda kwa maandishi, ningeweza kumfungulia ukurasa nikamwonesha ZISAFISHWE VIZURI na mstari chini, ila ningeshinda nini. Nikamwambia bibi tumekosea, tunazirudia, na leo hii hii anaondoka nazo. Gari la mwisho la kwao linatoka alasiri, kwaiyo tulikuwa na kama masaa manne.

Wa pili, kutafuta asili. Picha ya kwanza na ya pili RAW zake zilikuwepo kwenye hadi diski, hazijaguswa, nikashukuru. Ya tatu haikuwa na RAW, JPEG yake imeandikiwa juu, programu imeshafungwa kwaiyo historia ya hatua nayo imefutika, na kadi ya kamera ya akiba nilikuwa nimeiformati nikaenda nayo kwenye harusi Ijumaa nikaijaza. Nikajaribu programu ya kurudisha mafaili, ikaleta bi harusi.

Kilichotuokoa ni kwamba siku ya kupiga, mama mtoto alitumiwa picha zote kwa WhatsApp achague. Nakala ya picha ya tatu ilikuwa bado kwenye simu ya studio, haijaeditiwa, uzi upo, lakini WhatsApp ilikuwa imeibana: upande mrefu pikseli 1600. Kamera ilitoa 6000. Kwa A3 ya nukta 300 kwa inchi unahitaji karibu 4961, kwaiyo 1600 kwa A3 ni kama 97 tu kwa inchi, ukikaa nayo karibu unaona inamumunyuka. Kwa 4R yenye upande wa inchi 6 ni 267, hiyo inatoka safi.

Kuna programu za kukuza picha kwa akili bandia na kijana alizipendekeza. Nilikataa. Hizo zinabuni ngozi ambayo haikuwepo, na tulikuwa tumeshabuni vya kutosha wiki ile.

Uamuzi wa tatu ndo ninaoupenda: tukamvutia bibi kiti pembeni ya kompyuta. Sio kawaida yetu, mteja haingii chumba cha kuediti. Tukafungua RAW na kila kitu kabla hakijafutwa kijana anamuuliza. Maziwa mdomoni? "Toa, hayo kanyonya sasaivi." Mikwaruzo? "Toa." Vipele vya pua? Akafikiri, "Toa, vimeshaisha hata nyumbani." Wanja? "Acha." Mabaka ya mgongoni? Akacheka, "Hata baba yake alikuwa nayo hapohapo. Acha." Wekundu wa kanga chini ya kidevu akatuambia tuutoe, maana "hiyo kanga tu".

Alafu kwenye picha ya tatu akatushangaza. Vidole vyake vilikuwa na weusi kwenye kucha na pembeni, mafuta ya ganda la korosho, mtu yeyote aliyebangua anajua yale hayatoki kwa sabuni. Kijana hakuyagusa mara ya kwanza, alikuwa anashughulika na mtoto. Bibi akaelekeza kidole kilekile kwenye kioo. "Hapa sasa ndo msafishe." Binafsi ningeyaacha, ndo yalikuwa yanaifanya picha iwe picha. Lakini mkono wa kwake. Tukautoa weusi.

Wa nne ulikuwa mgumu, mama mtoto. Nilimpigia nikamweleza. Akasema yeye anataka ya kwake iwe laini na nyeupe, mtoto ni wake, na bibi abaki na ya bibi. Ana haki, na hata wakati naongea nae nilikuwa najua oda yake ilikuwa ya wazi kuliko ya bibi, kasema anachotaka. Nikamwambia ulaini ntampa, kwa kupunguza kidogo tu umbile la ngozi bila kuua malaika, ila rangi ya mtoto sibadilishi. Akakasirika. "We kaka unanichagulia?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia akija mtoto akiwa na miaka kumi akaniuliza kwa nini kwenye picha ni mwingine mi sitakuwa na la kumjibu, akasema atamjibu yeye.

Sababu yangu nyingine sikumwambia maana ni ndefu. Filamu za rangi zilivyotoka, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, Kodak ndo walizisambaza, na mpaka walipoanza kuweka watu wa rangi tofauti kwenye kadi, miaka ya 1990, watu weusi walikuwa wanatoka kama kivuli chenye meno. Wazee wetu walipigwa picha hawaonekani kwa sababu ya mashine. Leo mashine inaona vizuri, na sisi tunamfuta mtu kwa hiari. Linaniuma. Lakini nakiri ni msimamo wangu, sio sheria, na wenzangu wengi hapa mjini wanabadilisha rangi kila siku na wateja wanafurahi.

Stetasi ilifutwa palepale, na nilimwambia bibi ilikuwepo, sikuificha. Familia haikutaka sura ya mtoto itembee kwa watu mapema, kijicho kipo. Na ukiacha kijicho, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, picha ya mtoto wa mtu sio tangazo lako mpaka mzazi akubali.

## Ilivyoisha

Saa tisa bibi aliondoka na A3 ya kwanza ikiwa mpya, 4R kumi na mbili mpya, na ile ya tatu. Ya tatu tuliichapa saizi ya 4R katikati ya karatasi ya A3 nyeupe, pembeni kote kumebaki weupe, tukaiweka kwenye fremu ileile. Ilipendeza kweli, lakini ni ndogo, na bibi aliuliza kwa nini imekuwa ndogo nikamwambia ukweli kuwa ile kubwa tumeiharibu na hairudi. Nikamrudishia elfu ishirini. Akaipokea bila kuhesabu.

Fremu tulizifungua tukazitumia tena, kwaiyo hasara ya vitu ilikuwa karatasi na wino. Hasara yenyewe ni ile picha. Nilimwambia wakija mjini nampigia tena bure, na walikuja Februari, mtoto kanenepa zaidi, uzi mwingine mpana umefungwa, bibi kashika mkono vilevile. Picha nzuri tu. Hakupiga miayo.

Mama mtoto faili lake laini alilipokea, hakusema asante, akalipeleka kwa mtu mwingine amng'arishe mtoto. Niliiona kwake baadae. Masikio hawakuyafikia hata wao.

## Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanasema kijana kazidisha. Kazidisha, ndio, lakini alifanya alichoandikiwa. Kilichotuangusha kwanza ni daftari. Neno moja lina kazi mbili kulingana na umri wa anayelisema na hatukuwa na mahali pa kuuliza ni ipi. Saivi oda ina mistari miwili mbalimbali, mmoja wa kuprinti na mmoja wa kugusa, na kwenye kugusa binti anauliza kwa vitu sio kwa maneno ya jumla: uzi ubaki? Wanja ubaki? Alama ya kuzaliwa ipo wapi, ibaki? Huwezi kumuuliza mteja "nisafishe kiasi gani", hakuna anayejua kiasi.

La pili, oda mbili kutoka kwa watu wawili wa familia moja. Nilizichanganya mimi kwa kufowadi meseji. Anayelipa na anayezaa wanaweza kuwa watu tofauti na kwa huku mara nyingi ndo hivyo, hela ni ya bibi au mjomba. Tulivyotoa matoleo mawili tatizo liliisha kwa sehemu kubwa, na tungeweza kufanya hivyo tangu Jumanne.

Kwenye kompyuta kwenyewe, kosa la kiufundi lililoumiza ni moja, kufanya kazi juu ya asili. Kulainisha kupita kiasi kunarekebishika, rangi inarekebishika, ila Ctrl S juu ya JPEG pekee iliyopo hakuna fundi wa kukusaidia. Sasa hivi mafaili yakitoka kwenye kadi yanaingia folda ambayo kijana anaweza kusoma tu hawezi kuandika, anakili kwingine, anafanya kila kitu kwenye leya mpya, na kadi haiformatiwi mpaka mteja achukue karatasi. Na kamera ya akiba iko kwenye RAW, kadi ijae ikitaka.

Kilichofanya kazi ni kumkalisha bibi pembeni ya kioo. Kilitugharimu saa moja na nusu na kilimfundisha kijana zaidi ya video zake zote. Kabla ya hapo alikuwa anagawa vitu viwili tu, kizuri na kibaya. Baada ya pale anajiuliza hiki ni cha nani: cha mwanga na kanga, cha leo kinachopita, cha mwili wa mtoto, au kimewekwa na familia makusudi. Viwili vya kwanza anafuta bila kuuliza. Viwili vya mwisho hagusi bila neno la mzazi.

Kuna kimoja nimekiongeza baada ya kuongea na nesi mmoja. Ukiona weupe wa macho ya kichanga una manjano, na blanketi jeupe kwenye picha hiyohiyo liko jeupe kweli, basi hiyo manjano sio ya taa. Usiishushe kimyakimya kwa kitelezi ukaprinti. Mwambie mama ampeleke mtoto kliniki leo, hasa kama keshapita wiki mbili, alafu urudi kwenye kazi yako. Kwa mtoto mweusi ngozi haioneshi haraka, macho na fizi ndo vinasema, na wewe ndo umevikuza kwenye kioo asilimia mia mbili.

Na mi mwenyewe, napitisha picha nikiwa nimekaa. Naikuza, nakwenda sikio, shavu, sikio la pili, alafu viganja. Kama foleni ni ndefu mteja wa paspoti anasubiri.